UZI: Kitu ulicholipia kiwe chako. Simu, kompyuta, Land Cruiser mpaka nyimbo

Kijana_wa_Sakina (mleta mada):

Wakuu, salamu kwenu nyote. Uzi ni mrefu, mwenye chai aiweke karibu.

Kila nikipita maduka ya simu pale stendi na kule Kilombero nasikia mjadala ule ule: kamera ina megapikseli ngapi, imetoka lini, inachaji kwa dakika ngapi. Teknolojia naipenda sana na ndiyo inayonilisha, maana nashughulika na kompyuta na mitandao kwenye ofisi za utalii hapa Arusha. Lakini kifaa chochote kikiwekwa mbele yangu, cha kwanza ninachouliza ni hiki: nikishamaliza kukilipia, ni cha nani? Naweza kukifungua? Fundi wa mtaani anaweza? Aliyekiuza akibadili mawazo kesho, mimi nabaki na nini?

Tuanze na simu, maana hiyo kila mtu anayo mkononi.

Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 na iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Wengi wanaikumbuka kwa tochi. Mimi naikumbuka kwa betri, ile BL-5C. Unaitoa kwa kucha, unaweka nyingine, maisha yanaendelea. Na kwa kuwa ilikuwa inatoka kirahisi, ikapata ajira nyingine. Nenda leo kwa wauza redio ndogo za Kichina, zile zenye tundu la fleshi na memori kadi. Geuza redio, fungua kifuniko cha nyuma, mara nyingi utaikuta BL-5C imelala humo. Simu yenyewe imeshatoka sokoni miaka mingi, betri yake bado inapigisha redio kwenye migahawa na mashambani huko Meru. Aliyeibuni ile betri sidhani kama aliwahi kufikiria redio ya mama muuza ndizi.

Sasa shika simu yako ya leo. Betri imegandishwa kwa gundi, na kuifikia lazima mgongo ung'olewe. Fundi anaupasha moto, anapitisha kikadi cha plastiki pembeni taratibu, anasubiri, anapasha tena. Mkono ukiteleza mgongo umepasuka. Akitumia chuma badala ya plastiki anaweza kutoboa betri ikaanza kutoa moshi. Kazi uliyokuwa unaifanya mwenyewe ukiwa kwenye daladala imegeuka kuwa ya kumwachia fundi simu mpaka jioni.

Watu wanasema hiyo ndiyo bei ya simu nyembamba isiyoingiza maji. Kuna ukweli kiasi. Lakini mwezi Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka, na mwenye simu alikuwa hajaambiwa. Walisema lengo ni simu isizime ghafla. Mwaka 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Fikiria watu wangapi walikwenda kununua simu mpya wakati walichohitaji ni betri tu. Hapo ndipo penye hoja yangu. Betri ingekuwa inatoka kwa kucha, mtu angeibadilisha, simu ingerudi kasi, habari ingeishia hapo.

Wazungu wenyewe wameanza kulishughulikia. Umoja wa Ulaya una kanuni inayosema kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziwe zinatolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa wameacha upenyo kwa simu zenye betri za kudumu sana. Na tangu Juni 2025 simu mpya zinazouzwa kwao lazima ziwe na spea kwa miaka 7 na masasisho ya programu kwa miaka 5. Mimi natamani sana tusikae kusubiri makombo ya sheria hizo. Sisi ndio tunaotumia simu mpaka inakwisha, tunairithisha kwa mdogo, halafu kwa bibi kijijini. Hakuna anayestahili simu inayotengenezeka kuliko mtu wa huku.

Nije kwenye kinachoniuma zaidi: simu za mkopo.

Mianzini kuna dereva wa bodaboda ninayemtumia mara kwa mara. Alichukua simu ya kulipa kidogo kidogo, kila siku. Alilipa mpaka akamaliza, meseji ya kumaliza deni ninaiona kwa macho yangu. Asubuhi moja ananionyesha kioo: maandishi makubwa yanamwambia simu imefungwa, alipie ili aendelee. Hawezi kupokea oda za abiria, hawezi kufungua pesa yake ya kwenye simu, na abiria wake wote wa kudumu wako humo. Akaomba simu ya mwenzake, akapiga namba ya huduma, akasikiliza muziki. Siku nzima ikaenda hivyo. Ilipofunguliwa jioni hakuna aliyemweleza tatizo lilikuwa nini wala nani atamlipa siku aliyoipoteza.

Sina shida na mkopo. Mtu hana laki nne za mkupuo, anapata simu, anafanya kazi, analipa. Shida yangu ni ile programu ya kufuli inayobaki ndani ya simu baada ya deni kuisha. Umelipa shilingi ya mwisho na bado kuna mtu ofisini mwenye uwezo wa kukuzimia. Na kabla hujasaini, chukua kikokotoo, zidisha malipo ya siku moja kwa siku zote za mkataba, ongeza kianzio, halafu kalinganishe na bei ya simu ile ile dukani. Wengi hawapigi hesabu hiyo kwa sababu malipo ya siku yanaonekana madogo.

Sasa niwapeleke kwenye kitu cha kutuliza roho: Land Cruiser.

Sisi wa Arusha tunaishi na hizi gari mpaka hatuzioni tena. Toyota walianza kutoa familia ya 70 mwaka 1984. Sisi tukaichukua tukaifanya ya kwetu. Gari inafika ikiwa fupi, inaingia gereji, chesisi inakatwa, inaongezwa urefu, viti vinaongezwa, paa linakatwa na kuwekwa la kunyanyuka ili mgeni asimame apige picha ya simba. Hakuna aliyeandika barua Japani kuomba ruhusa. Na chini ya boneti ya nyingi kati ya hizo kuna wani-echi-zedi, 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, haina tabo, pampu yake ya mafuta haiendeshwi na kompyuta. Ikigoma katikati ya Serengeti, dereva mwenye spana na akili timamu ana pa kuanzia. Muulize dereva yeyote mkongwe wa safari anataka injini gani, mwone atakavyojibu kabla hujamaliza swali.

Tofautisha na wakulima wa Marekani wenye matrekta ya John Deere. Kuna matengenezo ambayo hayakamiliki bila programu ya kampuni, na programu kamili wanayo mawakala wake. Mkulima ana trekta la mamilioni, mavuno yanamngoja, naye anamngoja mtu wa laptopu. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya huko, FTC, iliifungulia kampuni hiyo kesi kwa ajili ya jambo hili. Huo ndio upande tunaoelekea na gari za sasa, na hata Toyota wameanza kuweka kwenye familia ya 70 injini ya lita 2.8 yenye tabo na umeme mwingi. Ni nzuri, ina nguvu, inakula mafuta kidogo. Mimi nitauliza tu: kifaa cha kusoma hitilafu zake kitapatikana kwenye gereji za Unga Limited, au lazima gari ibebwe na winchi?

Tena Arusha isidharaulike kwenye mambo haya. Mji huu umewahi kuwa na kiwanda cha redio za Philips, na mpaka leo ukipanda daladala ya barabara ya Moshi unasema "shusha Philips". TEMDO wa kubuni mitambo wako hapa, CAMARTEC wa zana za kilimo wako hapa, Chuo cha Ufundi kiko hapa tangu miaka ya sabini. Mikono ya kufungua na kufunga vitu haijawahi kutuishia. Wasiwasi wangu ni vitu vyenyewe vinavyokuja vikiwa havifunguki.

Kwenye kazi zetu za ofisini mambo ni yale yale. Adobe mwaka 2013 walitangaza kwamba programu zao mpya za usanifu zitakuwa za kukodi. Kabla ya hapo ulinunua mara moja, ukatumia mpaka uchoke. Sasa mbunifu wa vipeperushi pale mjini kila mwezi analipa kwa dola, mwezi wa msimu mbovu wa watalii akishindwa anafungiwa nje ya zana zake. Na kampuni ndogo za utalii ndiyo kabisa. Unakuta biashara nzima iko kwenye ukurasa mmoja wa Instagram: picha, wateja, mazungumzo, oda. Ukurasa ukidukuliwa au ukifungwa, kampuni imekufa na ofisi ina kodi ya mwaka. Ninawaambia kila siku: sajili jina lako la tovuti la .co.tz kwa wakala aliyeidhinishwa, uwe na barua pepe yenye jina lako, na orodha ya wateja wako ikae kwenye faili unalolishika mwenyewe. Instagram iwe pa kujitangazia, nyumba iwe kwako.

Akili mnemba nitaigusa kidogo tu, ina nyuzi zake. Inasaidia kujibu barua za wageni kwa Kijerumani na Kifaransa, naitumia. Ila ratiba za safari zinazoandikwa nayo zimeanza kufanana kampuni zote, "machweo yasiyosahaulika" kila ukurasa. Dereva aliyekaa Tarangire miaka ishirini anajua tembo wanashuka mtoni saa ngapi mwezi wa tisa. Kiandikeni hicho.

Mwisho burudani. Mwaka 2009 Amazon waliingia kwenye Kindle za watu na kufuta vitabu ambavyo wateja walishavilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Pesa walirudisha na baadaye wakaomba radhi. Lakini hebu fikiria muuza vitabu anaingia sebuleni kwako usiku, anachukua kitabu rafuni, anaacha pesa mezani. Ndivyo zilivyo filamu na nyimbo tunazosikiliza kwa kulipia mwezi: siku mkataba wao na mwenye kazi ukiisha, wimbo unatoweka kwenye orodha yako.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipata hitilafu, intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki yote. Wenye nyimbo kwenye memori kadi waliendelea kucheza. Kwenye daladala ya Ngaramtoni muziki haukukatika hata dakika, fleshi ilikuwa imechomekwa kwenye redio. Hata wale watafsiri wa filamu kina Lufufu, waliotufanya tukazielewa filamu za nje kwenye vibanda umiza, sauti zao zimebaki kwa sababu watu walikuwa na kanda na CD mikononi. Nani anatunza vya leo?

Nawasilisha. Karibuni, na mwenye hoja tofauti ashushe bila woga.

Fundi_Kaloleni:

Mkuu umeongea vitu ninavyokutana navyo kila siku mezani. Nikuongezee hapo kwenye simu. Gundi tunaiweza, bloa ipo na mkono umeshazoea. Kinachotumaliza sasa ni spea kufungwa na simu yake. Unachukua kioo orijino kutoka iPhone iliyokufa ubao, unakiweka kwenye nyingine ya modeli ile ile, kinawaka vizuri, halafu mara nyingi simu inaandika kwamba hiki kipande haikitambui, na baadhi ya vitu vinazima. Kipande ni cha kiwanda kile kile! Mteja akiona yale maandishi anadhani nimemwekea feki. Jina linaharibika hivyo.

Na wanaonunua simu za mkononi mwa mtu: piga *#06# upate IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, itume kwenda 15090 kabla hujatoa hela. Waliokuwa na simu Juni 2016 wanakumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima feki, watu waliamka na vipande vya plastiki mfukoni. Halafu ingia kwenye mipangilio uangalie kama simu ina msimamizi wa nje. Simu nyingi za mkopo zinauzwa mtaani deni halijaisha. Mnunuzi anakuja kwangu analia, na mimi hizo sizigusi.

Wakala_Kijenge:

Mleta mada nakuheshimu, ila naona umeegemea upande mmoja. Mimi ni wakala, simu hizo nimezitoa nyingi. Unamkopesha kijana asiye na hati ya nyumba, asiye na mdhamini, asiye na mshahara. Ana NIDA na laini, basi. Bila kufuli atahama mtaa, na wewe utamtafuta wapi? Kufuli ndilo lililofanya benki isiyomtaka isiwe kikwazo. Ukiondoa kufuli, kijana anarudi kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali wa mtaani. Hao hawakufungii simu, wanabeba godoro na jiko.

Kijana_wa_Sakina:

Wakala, hoja yako nzito na naikubali nusu nzima. Tena mfano wake uko hapa hapa kwetu. Off Grid Electric ilianzia Arusha kwa mtindo huo wa kulipia sola kidogo kidogo kwa simu, usipolipa taa zinazima. Kuna nyumba za vijijini zilizoachana na vibatari kwa njia hiyo. Kufuli la wakati wa deni ni dhamana, silipingi.

Ninachotaka ni vitu viwili, na vyote wewe wakala unaweza kuwadai wakubwa zako. Cha kwanza, siku deni linaisha programu ya kufuli ing'oke yenyewe kabisa, na mteja apewe karatasi au meseji inayosema hivyo. Cha pili, hata simu ikiwa imefungwa, iweze kupiga na kupokea, na mtu aifikie pesa yake. Unamfungia dereva asipokee oda halafu unamdai hela ya oda, atazitoa wapi? Hapo mkopeshaji anajikata mguu mwenyewe.

Na hao wa mtandaoni ndio wa kuogopwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Zile unazisakinisha, zinaomba kusoma namba zako zote, ukichelewa siku moja mama mkwe anapokea meseji kwamba wewe ni tapeli. Kabla ya kubonyeza "kubali" soma programu inaomba nini. Ya mkopo haina kazi na majina ya shangazi zako.

Emsii_Ungaltd:

Hapo kwenye fleshi ya daladala umenichoma mkuu. Mimi narekodi. Nalipia studio, nalipia prodyuza, nalipia video. Wimbo ukitoka, kesho yake uko kwenye vibanda vyote vya kuweka nyimbo, chalii anamjazia mteja fleshi nzima kwa buku mbili tatu, humo ndani niko mimi na wenzangu mia nne. Sipati hata mia. Angalau haya majukwaa ya kulipia yananipa senti mbili tatu na ninaona nasikilizwa wapi. Wewe unasema kitu kiwe cha mnunuzi, sawa. Mnunuzi kamlipa nani?

Kijana_wa_Sakina:

Kaka, swali lako ni la haki na ndilo gumu kuliko yote humu. Kumlipa mwenye kibanda bila mwenye wimbo kupata chochote siwezi kukutetea, huo ni wizi.

Lakini angalia mteja anataka nini. Kwenda pale kibandani kashika fleshi na pesa mkononi, maana yake yuko tayari kulipa. Anataka faili, asitumie bando, apige kwenye redio ya gari na sabufa ya saluni. Sisi tumemjibu kwamba akiutaka wimbo kihalali awe na intaneti muda wote na alipe kila mwezi. Ndiyo maana anakwenda kibandani.

X Plastaz walitoka Arusha hii hii wakichanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai, albamu yao ya mwaka 2004 ikatolewa na lebo ya Ujerumani. Aliyenunua CD yake wakati ule bado anayo na ilimlipa aliyestahili. Kitu cha kushika na mwenye kazi kulipwa vilishawahi kukaa pamoja. Leo una lipa namba. Weka wimbo wako, mtu atume buku, apate faili safi lenye picha ya kava na mashairi, lake moja kwa moja. Na mwenye kibanda mgeuze awe muuzaji wako: anajua mteja gani anapenda nini, yuko kila kona kuanzia Ngarenaro mpaka Usa River, mpe asilimia. Hutawapata wote. Ila mashabiki mia wanaokulipa buku buku kwa wimbo mmoja ni laki, na wasikilizaji mia wa kwenye jukwaa hawakupi hata nauli ya kwenda studio.

Emsii_Ungaltd:

Hilo la kuwapa asilimia wenye vibanda nimelielewa. Kuna mmoja pale sokoni ninamfahamu, namfuata wiki hii. Nitarudi na majibu.

Dada_Steshenari_Moshi:

Habari zenu kaka zangu, mimi niko Moshi, nina steshenari karibu na stendi. Uzi umenigusa kwa sababu kompyuta yangu imeanza kuniandikia kwamba Windows 10 imeisha muda na kwamba mashine yangu haifai kwa Windows 11. Mashine ni ThinkPad T460 ya mtumba, haina tatizo lolote, nachapa barua, naskani, natoa kopi, namtumia mteja kwa WhatsApp. Mtu wa duka ananiambia ninunue mpya. Je, ni kweli imekufa? Pia printa yangu inakataa wino wa kujaza, inasema katriji siyo yake.

Kijana_wa_Sakina:

Dada, haijafa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa taratibu zao rasmi inadai prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu. Yako ni ya kizazi cha 6. Chuma ni kizima kabisa, tena hiyo T460 ni mashine ya mfano kwa uzi huu: betri ya nyuma unaitoa kwa kusukuma vifungio viwili, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) unaongeza kwa bisibisi tu. Usiiuze kwa bei ya chuma chakavu, ofisi zinazitupa kwa sababu hiyo moja na wajanja wanaziokota.

Usiache tu ikae na Windows isiyohudumiwa, maana wewe unachomeka fleshi za kila mtu na virusi vyote vya Moshi vinapita kwako. Weka Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa badala ya Windows. Ni bure na haidai akaunti. Barua na majedwali utatumia LibreOffice, na usiogope kwamba ni kitu kigeni, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kushiriki kuitafsiri OpenOffice, ambayo LibreOffice ilitoka humo, kwa Kiswahili tangu mwaka 2004, ikaitwa Jambo OpenOffice. Faili za Word za wateja zinafunguka. Zilizopangwa kwa mbwembwe nyingi zinaweza kuhama mistari, kwa hiyo mwambie mteja wa kuchapa akuletee PDF.

Fundi_Kaloleni:

Kwenye printa nikusaidie mimi dada. Katriji ina kijichipu kinachojitambulisha kwa printa. Wino hauna kosa. Mapema mwaka 2022 chipu zilipoadimika duniani, Canon wenyewe ilibidi watoe katriji za tona (wino wa unga) zisizo na chipu na kuwaelekeza wateja namna ya kupita lile onyo. Kwa hiyo kazi inafanyika bila chipu, wenyewe wameonyesha. Kwa biashara yako, printa hiyo ikichoka chukua ya matenki, ya kumimina wino kwa chupa. Inauzwa ghali zaidi siku ya kwanza lakini katriji unaisahau.

Dada_Steshenari_Moshi:

Asanteni sana. Naogopa kufuta Windows halafu printa na skana zigome wateja wakiwa foleni. Nifanyeje?

Kijana_wa_Sakina:

Usifute kitu bado. Chukua fleshi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, pakua faili la Linux Mint toleo la Xfce kwenye tovuti yao, liandike kwenye fleshi kwa programu inayoitwa Rufus. Zima mashine, chomeka fleshi, washa huku unagonga F12, chagua fleshi. Itawaka Linux bila kugusa diski yako. Ukiwa humo humo chomeka printa, chapa ukurasa mmoja, skani kitambulisho kimoja, fungua WhatsApp kwenye kivinjari. Fanya hivyo Jumapili, duka likiwa limefungwa. Vyote vikifanya kazi, nakili faili zako zote kwenye diski ya nje, ndipo usakinishe.

Niandikie hapa jina kamili la printa na namba yake, iko kwenye kibandiko cha chini au nyuma, nikuangalizie draiva, ile programu ya kuiunganisha printa na kompyuta, kabla ya Jumapili.